Nani Aliyeishusha Kasi

Dada yangu mpenzi,

Natumai karatasi hizi zitakufikia ukiwa umeshuka zamu salama, na ile miguu uliyoniambia inavimba imepata angalau siku moja ya kupumzika. Huku sote tunaendelea. Goti la mama limepata nafuu kiasi cha kupanda ngazi bila kushika ukuta, ingawa wageni wakiingia hulikumbuka upya na kuanza kuchechemea. Mwanenu ameng'oka meno mawili ya mbele na anayadai kwa kila mtu, utadhani tumemwibia. Baba mkubwa yuko vilevile, anamsahihisha hata mtangazaji wa redio. Mimi mwili ni mzima. Kuhusu mengine, soma utajionea mwenyewe.

Najua utaduwaa kuona nimeandika kwa mkono, mimi ambaye hata orodha ya sokoni naiweka kwenye simu. Sababu utaikuta mbele. Nakuomba kitu kimoja tu, dada. Ukifika katikati hasira zikakupanda, usishike simu. Soma mpaka ulikute jina langu, halafu ufanye utakalo.

Mengi ya humu umeshayasikia kutoka kwangu, lakini uliyasikia vipande vipande, na kila kipande nilikitia chumvi kidogo kabla ya kukupelekea. Leo nakupa kitu kizima. Unakijua chumba chetu cha kazi kilivyo, pale juu ya duka la vifaa vya shule: meza mbili, dirisha linalotazama mabomba ya jirani, mashine ya kuchapia karibu na mlango, na kompyuta yangu kwenye kona. Ulipoondoka kwenda kwenye mafunzo yako ya uuguzi uliniachia masharti mawili. La kwanza, swichi kuu ya umeme izimwe kila jioni, kwa sababu fundi cherehani wa mtaa wa chini aliunguza duka lake zima kwa pasi moja iliyosahauliwa. La pili, mumeo awe anafungua asubuhi na kukaa na wateja, maana kiwanda kilikuwa kimewapunguza mafundi friji wote na yeye alikuwa anashinda nyumbani akihesabu vigae vya dari.

Sharti la kwanza nililikubali kwa moyo. La pili nililikubali kwa nusu mdomo. Sikukuambia wakati ule, lakini nilijiuliza kwa nini mtu aliyetengeneza friji miaka kumi na miwili aje anipangie karatasi zangu. Nikajijibu kwamba umeniwekea jicho. Kwa hiyo ujue, dada, shaka yangu juu ya shemeji haikuanza na kompyuta. Ilikuwapo tayari, imekaa kwenye kiti, inangoja kazi.

Halafu ikaja ile kazi ya mama msanifu majengo. Alitaka filamu ya dakika tatu inayomtembeza mtu ndani ya zahanati ambayo bado haijajengwa, kuanzia lango hadi wodi ya wazazi. Dakika tatu ni picha elfu nne na mia tano, na kila picha kompyuta huipika peke yake, mwanga, kivuli, vigae na yote. Prosesa yangu, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote hizo, ilitoka kiwandani na kasi ya gigahezi nne nukta moja. Kwa kasi hiyo inapika picha mia sita kwa siku ya kazi. Nilipewa siku saba. Piga hesabu utaona nilikuwa napungukiwa picha mia tatu, na usiku siwezi kuiacha ikiwaka kwa sababu ya swichi yako kuu.

Ndipo nikakata shauri kuipandisha kasi. Huu si uchawi, ni mchezo wa subira. Unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa, unaongeza kasi hatua moja, unaongeza umeme unywele mmoja, kisha unaiwashia programu ya kuitesa saa nane mfululizo huku unatazama joto. Ikizima au ikikosea hesabu, unarudi nyuma. Ikisimama imara, unaandika kwenye daftari na kupanda tena. Kabla ya kazi kuanza nilikuwa nimefika nne nukta tisa. Iliteswa siku mbili, asubuhi mpaka jioni, joto halikupita nyuzi themanini na sita, haikutetereka. Nikaipiga picha ile namba nikawatumia wenzangu wa kwenye kundi letu la simu, sisi wenye ugonjwa huu wa kasi. Wote wakapiga makofi, isipokuwa Miwani, yule mwenye duka la kompyuta mtaa wa pili ambaye kila mara tunagombania wateja. Yeye alikaa kimya. Nikasema huyo wivu umemkaba koo.

Nilianza kupika Jumamosi. Jumapili jioni nikahesabu, nikakuta picha elfu moja na mia mbili badala ya elfu moja na mia nne na zaidi. Nikafungua mipangilio. Kasi ilikuwa nne nukta moja. Mtu alikuwa ameirudisha chini, kimyakimya, kama ilivyotoka kiwandani. Nikajua mara moja kwamba sikuishusha mimi, na asubuhi anayeingia kabla yangu ni mmoja tu. Nikairudisha nne nukta tisa, nikaizima na kuiwasha mbele ya macho yangu, ikaamka vizuri kabisa. Jumatatu asubuhi nikafika: nne nukta moja.

Siku hiyohiyo shemeji akaniambia kitu. Alikuwa anapanga karatasi, akasema bila hata kunitazama kwamba mashine yangu asubuhi ina tabia. Akiiwasha, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mara tatu, ndipo inatulia. Akasema kompresa ya friji ikifanya hivyo ujue inabanwa na inajiokoa. Nikamjibu kwamba kompyuta si friji. Akacheka kidogo akaendelea na karatasi zake. Kile kicheko, dada, nilikaa nacho siku nzima. Nilikigeuza juu chini. Nikaona huyu ananionesha njia ya uongo ili nisitazame njia ya kweli.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Niliweka nenosiri kwenye ukurasa wa mipangilio, lile jina ulilokuwa ukiniita nikiwa mtoto. Asubuhi kasi iko chini. Nikakumbuka kwamba jina lile mumeo analijua, nikaweka jingine, namba nilizozitoa nyuma ya paketi ya sabuni ya kufulia. Asubuhi kasi iko chini. Nikabandika uzi mweusi kwa gundi kwenye kifuniko cha kasha la kompyuta, akikifungua ukatike. Asubuhi uzi uko palepale na kasi iko chini. Mtu mwenye akili timamu angesema basi si mtu. Mimi nikasema kumbe ni mtu hatari kuliko nilivyodhani, kafungua kasha na kurudisha uzi wangu mahali pake.

Nikaanza kumchunguza hata anavyokula. Akipiga mluzi, nasema ana raha ya nini? Akinyamaza, nasema anapanga nini? Akinikaribisha chai, nanusa kwanza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimeshaivua nguo nzima nikimtafuta chawa.

Na kila asubuhi nilipoikuta kasi imeshuka, hasira ilinifanya nipande zaidi ili nifidie. Jumanne nikaweka gigahezi tano kamili, nikaongeza umeme. Joto likagonga nyuzi tisini na nne. Ilipika kwa saa tatu halafu skrini ikawa ya buluu, alama kwamba mashine imezimia. Nilipoiwasha na kukagua, picha zaidi ya mia zilikuwa na miraba myeusi, vigae vya zahanati vimeoza mashimo. Ilibidi kuzirudia. Hilo nalo nikaliandika kwenye daftari langu kuwa kosa la shemeji, tarehe na saa.

Jumatano mchana alisema anatoka kidogo. Nikafunga mlango nikamfuata. Sikujionea haya, nilitembea nyuma yake mtaa mzima nikijificha kwenye vivuli vya mabango. Akaingia dukani kwa Miwani. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikawaona wameinamiana juu ya kaunta, Miwani anaandika kitu kwenye karatasi na shemeji anatikisa kichwa kama mwanafunzi. Karatasi ikakunjwa, ikaingia kwenye mfuko wa shati. Nikaona sasa picha imekamilika: Miwani anaitaka kazi ya mama msanifu, na mkono wake ndani ya chumba changu ni mume wa dada yangu.

Kesho yake shemeji akaniwekea karatasi ileile juu ya meza, imekunjwa, akasema Miwani ananisalimu. Unajua nilifanya nini? Sikuifungua. Niliichukua kwa ncha za vidole nikaitia kwenye droo, nikaifungia humo kama kielelezo cha mahakamani.

Jumamosi saa sita mchana mama msanifu akaja kuchukua filamu. Zilipungua picha mia mbili na kumi. Filamu inamtembeza mtu vizuri kabisa, lango, mapokezi, duka la dawa, korido, halafu inakatika mbele ya mlango wa wodi ya wazazi, na mlango haufunguki. Hakunigombeza. Aliutazama ule mlango, akasema wakubwa wake wanakutana Jumatatu na yeye atatafuta mtu mwingine wa kazi zijazo. Akaniaga kwa heshima. Bora angetoa povu.

Jumatatu nikamnyang'anya shemeji ufunguo wa chumba cha kazi, na kompyuta yenyewe nikaiacha imezimwa tangu Jumamosi, sikutaka hata kuitazama. Nikakupigia simu, nikakueleza yale niliyokueleza. Ukasema lisiishie kwa simu tu, wakubwa wakae. Wakakaa Ijumaa kwa mama, baba mkubwa kwenye kiti chake, mimi upande huu, shemeji upande ule, na wewe juu ya meza ndani ya simu ya mama, sauti imefunguliwa tukusikie wote.

Baba mkubwa aliniuliza kama nina ushahidi. Nikajibu kwamba anayefungua asubuhi ni mtu mmoja, na kila asubuhi kasi imeshuka. Akamuuliza shemeji. Shemeji akasema hakugusa, na kwamba kuhusu ile mashine alishaniambia. Hakuna aliyemuuliza aliniambia nini. Halafu wewe, dada, ukamuuliza kutoka mezani pale: kama si wewe ni nani? Akaitazama simu. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Ukasema mtu anayeweza kuvunja kazi ya mdogo wako huku anakunywa chai yake, huwezi kumwachia nyumba yako; aache funguo kwa mama mpaka utakaporudi. Akasimama, akazitoa kwenye pete yake ya funguo zile mbili za nyumbani kwenu, akazilaza mezani bila kelele. Akaaga kila mtu kwa zamu, na mimi akanipa mkono.

Hayo ndiyo uyajuayo. Sasa narudi nyuma siku mbili ambazo nimeziruka.

Jumatano ya wiki hiyo, yaani siku mbili kabla ya kikao, nilikwenda dukani kwa Miwani kumtukana. Nilikuwa nimeyapanga matusi yangu vizuri, njiani nilikuwa nayarudia. Nilipoanza tu, akavua miwani, akaifuta, akaniuliza kama niliisoma karatasi yake. Nikasema karatasi gani. Akasema ile aliyompa mume wa dada yangu, ambaye alikuja kwake mara mbili kumuuliza kwa nini kompyuta inayosukumwa inawaka na kuzima mara tatu asubuhi. Akaniambia shemeji alimsihi aniandikie yeye, kwa sababu maneno ya fundi friji mimi siyasikilizi.

Nilirudi mbio, nikafungua droo. Karatasi ilikuwa na mistari miwili. Iwashe ikiwa imepoa usiku kucha, utazame mwenyewe. Na ulirudishe lile onyo ulilolizima.

Hapo ndipo nilipokumbuka, dada. Onyo hilo nalijua. Bodi ya kompyuta, ule ubao mkubwa wa ndani ambao vyote vimechomekwa juu yake, ikijaribu kuamka kwa kasi isiyoiweza, inajaribu tena, inajaribu tena, na ya tatu ikishindikana inaachana na mipangilio yako na kurudia ile ya kiwandani. Ni kinga, isije ikajiunguza. Na kwa kawaida husimama na kukuandikia kwenye skrini kwamba kasi uliyoweka imeshindikana, ubonyeze kitufe ndipo iendelee. Wakati nilipokuwa naipandisha hatua kwa hatua, ule ujumbe ulikuwa unanikera, unanisimamisha kila mara. Nikaingia kwenye mipangilio nikauzima kwa mkono wangu. Sijui hata nilikuwa nimeusahau au nilijisahaulisha.

Nenosiri humzuia mtu kuingia. Haliizuii bodi kujihurumia. Na mimi siku zote nilikuwa naitesa mashine ikiwa imeshapata moto. Saa nane za mateso, ndiyo, lakini mchana, ikiwa imewashwa tangu asubuhi na mtu mwingine. Jioni swichi kuu inazimwa kama ulivyoagiza, usiku inapoa kabisa, na asubuhi inayokutana na ile nne nukta tisa ni mashine ya baridi ambayo sijawahi kuijaribu hata mara moja. Aliyekuwa anaiona ikihangaika ni shemeji peke yake, na yeye aliniambia. Mimi nilifika ikiwa imeshatulia, nawasha skrini, nakuta kazi imefanywa na mwizi.

Alhamisi nilifika alfajiri, kabla ya wateja. Nikawasha swichi kuu, nikabonyeza kitufe, nikapiga magoti mbele ya kasha. Feni zikazunguka, zikafa. Zikazunguka, zikafa. Mara ya tatu vilevile. Halafu ikatulia, ikaamka na gigahezi nne nukta moja, mpole, kama haijamkosea mtu. Nilikaa pale sakafuni mpaka mteja wa kwanza akabisha hodi.

Kwa hiyo Ijumaa pale kwa mama nilikuwa ninajua. Hilo ndilo ninaloliungama, na ndilo lililonikalisha leo na kalamu. Nilijua tangu Jumatano kwa maneno, na tangu Alhamisi kwa macho. Baba mkubwa aliponiuliza ushahidi, nilimjibu maneno ya kweli tupu: anayefungua ni mmoja, na kasi inashuka. Sikusema uongo hata mmoja, nikamchoma mtu na ukweli. Ulipomuuliza kama si wewe ni nani, jibu nilikuwa nalo mimi, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikalimeza.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza wiki mbili. Nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba mashine yangu haina kosa. Kundi zima lilikuwa na ile picha yangu. Mama msanifu nilikuwa nimemwambia nimehujumiwa. Wewe nilikuwa nimekupigia. Kusema kweli maana yake ni kwamba ile nne nukta tisa haikuwahi kuwa imara hata siku moja, na kwamba saa nilizozipoteza kwa uzi na nenosiri na kumfuata mtu barabarani zingetosha kuufungua ule mlango wa wodi. Nilishikwa na aibu, dada. Nikaona afadhali aibu hiyo aivae yeye, kwa sababu yeye si wa damu yetu. Nimeliandika hilo nikalifuta mara tatu, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Nilidhani litapoa. Halikupoa, liliota mizizi. Baada ya kikao kila mtu alipata lake la kukumbuka. Mama akakumbuka siku shemeji alipochelewa kurudi msibani. Baba mkubwa akasema tangu siku ya posa hakukipenda kicheko chake. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja. Wiki iliyopita nikamsikia mama anamwambia baba mkubwa kwamba ukirudi wakushauri uachane naye kabisa, ungali kijana. Mwanenu alikuwa palepale kwenye mkeka anachora. Aliacha kuchora.

Jumamosi shemeji akaja kwenye chumba cha kazi kuchukua mfuko wake wa vifaa. Hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Akauweka mfuko juu ya meza yangu, akaufungua, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja: bisibisi, koleo, geji ya gesi, mrija wa shaba uliokunjwa, tochi, kile kitambaa chake cha kufutia mikono. Akavipanga mstari. Akaniambia nitazame vizuri, nihesabu, ili kesho isije ikasemwa kuna kitu changu kimetoka na mfuko wake. Nikamwambia hakuna haja. Akanijibu kwa adabu kwamba haja ipo, maana yeye sasa ni mtu wa kukaguliwa.

Nilimwambia palepale. Yote, tangu Miwani mpaka feni. Nilikuwa nalia, sitakuficha. Alinisikiliza huku anarudisha vifaa mfukoni, taratibu, kila kimoja mahali pake. Nilipomaliza akasema anajua. Akasema Miwani alimweleza jioni ileile ya Jumatano kwamba nimekwenda, nimeelewa, na nimetoka mbio. Kwa hiyo Ijumaa alikuja kikaoni akiwa na raha moyoni, akijua nitasema mwenyewe. Alikuwa ananingoja, dada. Ule muda wote alionitazama baada ya swali lako, nilidhani ananilaumu. Alikuwa ananipisha niseme.

Nikamuuliza kwa nini hakusema yeye. Akasema angesema, mngemwambia anajitetea. Halafu akasema hataki radhi yangu ya mdomo. Anataka nimwandikie mke wake, kwa mkono wangu. Maneno yangu ya simu ndiyo yaliyomtoa nyumbani kwake, akasema, na hataki maneno yangu ya simu yamrudishe.

Leo asubuhi kabla ya kufunga bahasha nimewasomea barua hii mama na baba mkubwa. Baba mkubwa hakusahihisha hata neno. Mama alinyanyuka, akazichukua zile funguo, akaenda nazo mwenyewe hadi kwa rafiki yake shemeji, yule fundi wa mashine za kufulia, ambako amepewa chumba cha nyuma. Akarudi nazo. Anasema alipokelewa vizuri, akakalishwa kwenye kiti pekee kilichopo, akapewa maji. Lakini funguo shemeji hakuzipokea. Alisema aliyemwambia aziache ni mke wake, na yeye anamheshimu mke wake. Akiambiwa azichukue na mdomo uleule, atazichukua.

Mashine nimeishusha hadi nne nukta tano na onyo nimelirudisha. Naiwasha mwenyewe kila asubuhi ikiwa baridi, na tangu Jumatatu inaamka mara moja. Kwenye kundi nimeandika ukweli. Miwani ndiye wa kwanza aliyenijibu, akasema karibu tena dukani, matusi niyaache mlangoni.

Mama anakusalimu, anakuomba ule vizuri na usimkasirikie kwa aliyoyasema. Baba mkubwa anasema ukifika atakuwa na neno na wewe, na safari hii neno hilo ni la kuomba. Mwanenu amekuchorea nyumba, nimeikunja humu ndani. Mwenzako wa zamani wa zamu ya mchana tulikutana naye benki, naye anakusalimu sana.

Mimi usinijibu kwanza, dada. Nitasubiri, hata mwaka. Ukishafika hapa, shika simu sasa, umpigie mumeo. Namba yake ni ileile, na mama anasema simu aliikuta mezani kwake, imegeuzwa uso juu.

Mdogo wako aliyekukosea,
Kitinda